"Bado kidogo": mtoto wa miaka saba aliyegoma kilomita 49 kabla ya Santiago

Saa tisa na nusu alasiri, siku ya tatu ya safari yetu ya miguu kwenda Santiago, binti yangu wa miaka saba aliketi chini katikati ya msitu wa mikaratusi huko Galicia, kaskazini-magharibi mwa Uhispania. Akaegemea jiwe la alama, akavuta kofia ya koti la mvua mpaka puani, akanyamaza. Hakulia wala hakudeka. Alikaa kama mzigo uliosahaulika kituoni. Jiwe lile lilikuwa limeandikwa kilomita arobaini na tisa na videsimali vyake, na mimi nilikuwa na ratiba mfukoni iliyosema kwamba jioni ile tulale Arzúa, kilomita kumi mbele.

Nimekirudia kisa hiki kichwani mara nyingi. Mwanzoni niliamini alichoka. Sasa siamini hivyo, au tuseme siamini kwamba uchovu ndio uliomkalisha chini.

Njia yenyewe kwanza. Camino de Santiago ni mtandao wa njia za mahujaji zinazokutana kwenye kanisa kuu la Santiago de Compostela, linaloaminika kuhifadhi masalia ya Mtume Yakobo. Tawi linalotembewa na wengi zaidi, lile la Wafaransa, lina karibu kilomita 780 kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port, upande wa Ufaransa wa milima ya Pirenei. Hatukuwa na ubavu huo. Tulianzia Sarria, ambako huanzia watu wengi kwa sababu ya hesabu tu: kutoka pale hadi Santiago ni kama kilomita 115, na ofisi ya mahujaji hutoa cheti chake, kiitwacho Compostela, kwa aliyetembea walau kilomita 100. Njiani unabeba kijitabu cha kugongwa mihuri, makanisani, hostelini, hata kwenye baa, isiyopungua miwili kwa siku.

Waongozaji wengi wa njia huigawa sehemu hii kwa siku tano: Portomarín kilomita 22, Palas de Rei 25, Arzúa 29, O Pedrouzo 19, Santiago 20. Nikaichukua hivyo hivyo. Siku ya sita tupumzike mjini, ya saba jioni tupande ndege. Mtu angeniuliza nani aliamua kwamba ni siku tano, ningemjibu kwamba ndivyo watu wanavyofanya. Kweli yenyewe ni kwamba barua yangu ya likizo ndiyo iliyoamua.

Na nilipiga hesabu, nisionekane mzembe. Ipo kanuni ya Naismith, Mskoti aliyeitoa mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita tano, uongeze saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Nikaona kilomita 29 ni saa sita, weka moja ya mlima, weka mbili za mtoto, tisa. Tukiondoka saa moja na nusu asubuhi tunafika saa kumi na nusu. Kanuni ile ilitungwa kwa ajili ya mtu mzima mwenye afya, asiyesimama njiani. Saa mbili za mtoto nilizitoa hewani.

Siku ya kwanza ilinidanganya. Jua lilikuwa la upole, naye alikuwa mbele muda wote akitafuta mishale ya njano inayoonyesha njia. Mishale hiyo ilianza kupakwa miaka ya 1980 na padri Elías Valiña wa O Cebreiro, na sijui kama aliwafikiria watoto, lakini hakuna kitu kinachomgeuza mtoto kuwa kiongozi wa msafara kama rangi iliyopakwa juu ya ukuta wa zizi. Tulipiga picha kwenye jiwe la kilomita 100. Portomarín tulifika tukiimba. Mji wa kale wa Portomarín ulizamishwa na bwawa miaka ya 1960, na kanisa lake likabomolewa jiwe kwa jiwe na kujengwa upya juu kilimani. Namba walizoyapa mawe bado zinaonekana ukutani. Binti yangu anapenda namba kupita kiasi. Alizisoma moja moja mpaka giza likaingia, ilhali mimi nilitaka kwenda kulala.

Siku ya pili, lengelenge kisiginoni. Nilipaswa kubandika plasta mapema, pale alipoanza kusema kiatu kinamchoma, kabla ngozi haijainuka. Nilibandika jioni. Hili ni kosa la kawaida na halinisumbui sana.

Sasa siku ya tatu. Mvua ilianza kabla hatujamaliza kufunga kamba za viatu, ile mvua ya Galicia inayonyesha kama haina nia, lakini haikomi. Alikula kipande kimoja cha mkate wa kubanikwa. Hadi Melide, kilomita 15, tulitumia saa tano na nusu. Alikuwa akiongea njia nzima: kwa nini mawe ya alama yana namba tatu baada ya mkato, nani alizipima, alitumia rula gani. Mawe hayo yamepangwa takribani kila nusu kilomita, kwa hiyo maswali hayaishi.

Melide inasifika kwa pweza. Wanamchemsha, wanamkata vipande kwa mkasi juu ya sahani ya mbao, wanamwagia mafuta ya zeituni na unga wa pilipili nyekundu. Nilikula kama mtu aliyerudi kwao. Binti yangu alivitazama vile vinyonyeo vya mikono ya pweza, akasogeza sahani kwa kidole kimoja, akatafuna mkate vipande viwili vitatu. Nikamwambia atakula vizuri tukifika. Tulipotoka pale ilikuwa imefika saa nane kasorobo, na ratiba yangu ilikwisha kuharibika, nami nikaanza kutembea kama mtu anayefukuzia basi.

Toka Melide mpaka lile jiwe ni kama kilomita nne. Katika kilomita hizo alisema maneno machache mno. Nakumbuka matatu tu: "Baba, tusimame?" Nikajibu, "Bado kidogo, mama." Baadaye kidogo akauliza tena. Bado kidogo. Mara ya tatu aliniita tu, "Baba", wala hakuendelea, nami nikajibu hivyo hivyo kabla hajauliza. Baada ya hapo akanyamaza. Nikajipongeza kimoyomoyo kwamba amezoea.

Alipoketi, nilibembeleza. Nikaahidi zawadi. Nikapandisha sauti, na hilo ninalisema kwa aibu, maana kuna mama mmoja wa makamo alipita na fimbo zake mbili akatutazama, akasita, akaendelea. Ndipo nikapiga magoti kwenye tope nimvue viatu, nikidhani ni lile lengelenge. Kisigino kilikuwa salama chini ya plasta. Ila ndani ya soksi ya mguu wa kushoto, chini ya kidole kikubwa, palikuwa na tunda la mkaratusi, lile ganda la mbegu lenye umbo la kifungo cha koti, gumu kama jiwe, lina kingo nne. Lilikuwa limechimba shimo jekundu kwenye nyama. Kulikuwa na alama ya umbo lake, unaweza kuhesabu kingo.

"Hili limeingia lini?"

"Kule kwenye mto wa mawe."

Kijito cha mawe ya kukanyagia kiko karibu sana na Melide. Alikuwa amelikanyaga karibu saa nzima na nusu.

"Sasa mbona hukusema?"

Akainua mabega. "Ungesema bado kidogo."

Kama kisa hiki kingekuwa faili la daktari, ningeandika hapo ndipo penye ugonjwa. Mengine yote ni dalili, ingawa ni dalili nzito na kila moja ingetosha kuharibu siku.

Chukua njaa. Nilipata mtandao wa simu, nikampigia mama yake. Nilitegemea aulize tuko wapi. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Amekula nini tangu asubuhi?" Nikaanza kueleza habari za pweza. Akanikata: "Nimeuliza yeye amekula nini." Mkate asubuhi, mkate mchana, kilomita 19 za mvua. Akiba ya sukari mwilini mwa mtoto ni ndogo, huisha upesi kuliko yetu, na ikiisha mtoto hafifii polepole kama taa ya mafuta. Anazimika. Mtu mzima anaweza kuvusha mchana kwa ukaidi. Mtoto anatakiwa kutafuna kitu kila saa, akiwa na njaa au hana. Begini kwangu mlikuwa na karanga na jibini. Vilikuwa chini kabisa, chini ya taulo.

Baridi nayo. Mwili wa mtoto, ukilinganisha uzito wake, una ngozi nyingi, kwa hiyo hupoteza joto haraka. Mimi nilikuwa nimebeba kilo kumi na moja na kupanda kwa kasi, jasho likinitoka, nikaamini hali ya hewa ni ya joto kwa wote wawili. Yeye alikuwa akitembea polepole ndani ya koti lililovuja mabegani. Nilipomshika shingo chini ya nywele ilikuwa ya baridi. Kwa mtu anayezidiwa na baridi, kimya na kujikwaa ndivyo huja kwanza. Mtu huacha kulalamika mapema kuliko anavyoanza kuanguka. Sisemi alifikia hatari, alikuwa bado anatetemeka, na kutetemeka ni habari njema. Kinachonitisha hadi leo ni kile kimya nilichokisoma kama utulivu.

Na hatua. Nyumbani baadaye nilimpima kwa chaki: hatua yake ni nusu mita, yangu sentimita 75. Siku ya kilomita 28.5 kwangu ni hatua 38,000. Kwake ni 57,000. Tulitembea pamoja bega kwa bega, lakini nilimpangia safari ndefu kuliko yangu kwa hatua elfu kumi na tisa. Begi lake ninaliacha: lilikuwa kilo moja na nusu kwa mtoto wa kilo 22, na halikuhusika.

Haya yote yangeshikika mapema kwa mdomo wake mwenyewe. Mtoto anayeamini kwamba akisema atasikilizwa, husema kiatu kina kitu, husema ana baridi, husema mkate haukumtosha. Mtoto ni kipimo kizuri cha mwili wake kuliko hesabu yoyote ya Mskoti. Nilikizima kipimo hicho kwa maneno mawili, nikayatumia mara tatu katika saa moja. Ubaya wa "bado kidogo" ni kwamba haipimiki. Mtoto hawezi kuihakiki. Angeweza kuhakiki "mpaka jiwe la pili", maana mawe anayaona na namba anazisoma. Nilikuwa na mtoto anayependa namba, njia iliyojaa namba, na mimi nikampa ukungu.

Ushahidi unaonifanya nishikilie maelezo haya ni wa jioni ile ile. Nilimvalisha soksi kavu na sweta langu, akala karanga na jibini lote, akanywa maji, tukakaa dakika ishirini. Kisha akanyanyuka mwenyewe. Tulitembea kilomita mbili mpaka Boente, ambako njia inakutana na barabara kuu, na saa mbili baadaye alikuwa akifukuzana na mvulana wa Kijerumani kwenye ngazi za hosteli huko Arzúa mpaka tukaonywa. Miguu iliyokwisha haipandi ngazi kwa mchezo.

Pale Boente palikuwa na uamuzi wa kufanya, na huo nao unastahili kuelezwa kwa sababu wazazi wengi hukwama hapo. Kulazimisha kilomita nane zilizobaki kufika Arzúa, hapana. Kupanda teksi na kuendelea kesho kutoka Arzúa kungeokoa ratiba, lakini kungevunja sharti la kutembea kilomita 100 za mwisho bila kuruka, na mtoto alikuwa akikithamini kile cheti kuliko mimi. Njia ya tatu inafanyika sana ingawa haisemwi sana: unagonga muhuri ulipoishia, unapanda teksi mpaka kitandani, asubuhi unapanda teksi kurudi pale pale, unaanza hapo. Unalipa teksi mara mbili na unapoteza siku. Nilimwekea zote tatu. Nilimwambia ya tatu inakula siku ya Santiago, siku ya kuzunguka mjini. Alifikiri akiwa anatafuna, akauliza kama muhuri wa Boente atapewa tena asubuhi. Nikasema atapewa. Basi, akasema, hiyo.

Siku ya nne tulitembea kilomita nane tu. Pale Ribadiso kuna daraja la zama za kati juu ya mto Iso, na jengo la kale la kuhudumia mahujaji ambalo sasa ni hosteli. Tulikaa saa nzima akirusha vijiti upande mmoja wa daraja na kukimbilia wa pili kuviona vikitokea. Saa ile isingekuwapo kwenye ratiba yangu. Siku ya tano kilomita 11 mpaka Salceda. Kijitabu cha mihuri sasa kilikaa kwake, na yeye ndiye aliyechagua tusimame wapi kugonga. Karanga nazo zilihamia mfuko wa nje. Nilijiwekea sharti moja: akiuliza umbali, nitaje idadi ya mawe, na yakifika, tunasimama, hata kama pale pana tope.

Siku ya sita ndiyo mtihani: kilomita 18, na mvua ikarudi. Siku ya tatu aliketi kilomita ya 19. Safari hii alifika Lavacolla akilalamika vizuri tu, kwa sauti, karibu kila nusu saa. Soksi imekunjana. Kofia inamfinya. Nilifurahi kusikia kila moja.

Haki itendeke: hili si jaribio la maabara. Siku mbili kabla alikuwa ametembea kidogo tu, alikula vizuri, na kilomita 18 si 29. Siwezi kutenganisha ni kiasi gani kilitokana na karanga na kiasi gani na mawe. Anayetaka kuniambia ni chakula tu, ana hoja. Nitamuuliza tu kuhusu lile tunda la mkaratusi.

Nikisimulia kisa hiki, huwa kuna anayesema mtoto wa umri ule hakupaswa kuwa pale kabisa. Mwaka 2022 huko Cincinnati, Marekani, mtoto wa miaka sita alimaliza marathoni na wazazi wake na watu wakawaka, wengi wakiuliza kama mtoto wa umri huo anaweza kweli kukubali jambo kama hilo. Swali ni zuri. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 12, unampa mtoto haki ya kutoa maoni kwa mambo yanayomhusu, na mimi nilimuuliza wangu nyumbani, akiwa kwenye kochi, akasema ndiyo huku anaruka. Ile ndiyo haikuwa na mvua ndani yake. Nilipaswa kuiomba upya kila siku, na kuwa tayari kusikia hapana, na siku ya tatu niliisikia kwa namna pekee iliyobaki. Lakini umri peke yake haunishawishi. Mwaka 2021 mtoto wa miaka mitano alimaliza njia ya Appalachian, kama kilomita 3,500, pamoja na wazazi wake. Wengi husimulia hiyo 3,500. Mimi nilitazama siku: zilikuwa zaidi ya 200. Wastani wao haukufika kilomita 18 kwa siku. Mimi, kwa mtoto ambaye safari yake ndefu kabla ya hapo ilikuwa kilomita tisa, nilipanga 23.

Kabla tu ya Lavacolla njia inazunguka ncha ya uwanja wa ndege wa Santiago. Unatembea kando ya uzio, na mahujaji wamechomeka humo vijiti vilivyopishana kama misalaba, mamia. Ndege moja ilipita juu yetu chini kabisa. Binti yangu akauliza kama kesho jioni tutarudi hapa hapa kupanda ya kwetu. Nikasema ndiyo. Akatazama njia iliyobaki, akatazama uzio, akasema kumbe tungeweza kusubiri hapa. Sikuwa na jibu la maana.

Asubuhi ya mwisho tulitembea kilomita kumi kupitia Monte do Gozo, kilima ambacho mahujaji wa zamani waliviona kwa mara ya kwanza vinara vya kanisa kuu. Kwenye ofisi tulisubiri namba yetu. Cheti chenyewe huandikwa kwa Kilatini, na jina lako nalo hutafutiwa Kilatini chake, kazi ambayo kwa jina la Kiswahili ilimfanya mhudumu akune kichwa. Kwanza lakini alikagua vijitabu, muhuri mmoja mmoja, tarehe kwa tarehe. Alipofika katikati akasimama. Mihuri miwili ya Boente, inayofanana, tarehe mbili zinazofuatana. Aliweka kidole juu yake, akainua macho kunitazama mimi. Binti yangu akawahi kumjibu, kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo lililo wazi:

"Hapo nilikataa."